Somo: Matabaka ya miamba ya mashapo hutokeaje?

Ukiona mistari kwenye ukuta wa korongo, jiulize kwanza: hapa kilibadilika nini? Mpaka kati ya tabaka na tabaka ni alama ya badiliko. Maji yaliongeza kasi, yakatulia, yakaleta mashapo (yaani kokoto, mchanga au tope linalobebwa na kutua) ya aina nyingine, au yaliacha kuleta chochote kwa muda.

Hatua ya 1: Kuvunjika. Jua, mvua, barafu na mizizi huvunjavunja mwamba wa zamani ukawa kokoto, mchanga na udongo wa mfinyanzi.

Hatua ya 2: Kusafirishwa na mito, upepo, mawimbi au barafu.

Hatua ya 3: Kutua. Tukae hapa, maana ndipo matabaka yanapozaliwa. Maji ya kasi hubeba hata kokoto. Yakipunguza mwendo, vizito hutangulia kushuka. Chembe ya mchanga ina upana wa kati ya milimita 0.06 na 2, ila ya mfinyanzi haifikii milimita 0.004, hivyo hutua penye maji yaliyotulia. Ndiyo maana furiko moja huweza kuacha tabaka lenye chembe kubwa chini na laini juu. Jaribu: tia kokoto, mchanga na udongo kwenye chupa pana ya maji, tikisa, iache hadi kesho. Kisha mimina taratibu mchanganyiko mwingine juu yake. Mfuatano utaanza upya, na hapo unapoanzia ndipo penye mpaka.

Hatua ya 4: Kuwa mwamba. Uzito wa mashapo ya juu hukamua maji ya chini. Madini kama kalsiti, silika na oksidi ya chuma hujijenga kati ya chembe na kuzishikamanisha. Wekundu wa miamba mingi hutokana na hiyo oksidi ya chuma.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, tabaka nene ndilo lililochukua muda mrefu zaidi?

Jibu: Si lazima. Furiko la siku moja laweza kulaza mchanga mwingi, ilhali sentimita chache za tope la bahari kuu huchukua maelfu ya miaka. Tena muda mrefu kuliko wote huweza kufichika kwenye mpaka wenyewe. Huko Siccar Point, Uskoti, alikofika mwanajiolojia James Hutton mwaka 1788, matabaka yaliyosimama wima yamefunikwa na mengine yaliyolala kwa mteremko mdogo. Kati yao imepotea mamilioni ya miaka.

Swali: Mwanasayansi Steno alisema mwaka 1669 kwamba tabaka la chini ndilo la zamani. Je, milima ikijikunja?

Jibu: Kanuni yake inahusu matabaka yalivyotua, na mkunjo waweza kuyapindua. Tafuta nyufa za tope lililokauka: huwa pana juu, zikachongoka kuelekea chini. Ukikuta ncha zinaelekea angani, tabaka limepinduka. Mimi huziamini nyufa hizi kuliko mpangilio wa chembe, kwa kuwa zipo nyakati chembe kubwa hutua juu.

Swali: Mbona mwamba mwingine hauna mistari?

Jibu: Huenda mashapo hayakubadilika, au minyoo na kaa waliyachimba na kuyavuruga kabla hayajaganda. Chunguza kama kuna vishimo vilivyojaa mchanga wa rangi tofauti.