Kupanda mimea hai kwenye changarawe ya tangi la samaki

Changarawe haina chakula. Mmea unaokula kwa mizizi ukipandwa humo bila mbolea utadumaa, hata maji yawe safi namna gani. Kwa hiyo chagua mimea kwa jinsi inavyojilisha, ndipo uangalie uzuri wake.

Punje za milimita 2 hadi 4 ndizo zinazofaa. Zikiwa kubwa mno, mabaki ya chakula cha samaki huzama katikati yake yakaoza; mchanga laini wa ujenzi nao hushikana na kuinyima mizizi hewa. Matumbawe na makombe ya kutoka Mombasa yaache rafuni: huachia chokaa polepole na kuyafanya maji kuwa magumu. Changarawe usiyoijua asili yake idondoshee siki, na ikitoa povu usiitumie. Tangi la sentimita 60 kwa 30 linahitaji takriban kilo 17, zikae kina cha sentimita 5 mbele na 7 nyuma. Ioshe bila sabuni hadi maji yatoke maangavu.

Maji ya mfereji yana klorini, hivyo yaweke kwenye karai pana kwa saa 24 au tumia dawa ya kuiondoa. Mtaa wenu ukitegemea kisima kirefu, pima pH (kipimo cha asidi au alkali ya maji) kwanza. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana bikaboneti na floridi nyingi, na mimea inayopenda maji laini huyachukia. Valisneria, mmea wa majani marefu kama utepe, huyavumilia vizuri.

Jaza theluthi moja ya tangi kabla ya kupanda, ukimimina juu ya sahani ili changarawe isichimbike. Toa sufi na vyuma vizito vilivyofungwa kwenye miche, kisha punguza mizizi ibaki sentimita 4 hivi. Uzamishe mche kwa kibano hadi uingie zaidi ya inavyotakiwa, halafu uvute juu kidogo mpaka sehemu ya kuanzia majani ionekane. Sehemu hiyo ikifukiwa, mmea huoza. Higrofila na mingine ya shina refu ipande shina mojamoja, sentimita 3 kutoka jingine, baada ya kung'oa majani ya chini. Ukiipanda kwa fungu, mashina ya katikati hukosa mwanga. Anubiasi na kangaga la Java (Java fern) havifukiwi kabisa. Shina lao nene linalolala lifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo.

Kriptokorini, ekinodoro na valisneria hula kwa mizizi, hivyo zinahitaji vidonge vya mbolea ya mizizi: kimoja kila sentimita 15, kizame kabisa, na urudie kila baada ya miezi 3 hivi. Anayelima shambani hushawishika kutumia punje za mbolea ya DAP au CAN alizobakiza. Usithubutu! Zote mbili hutoa amonia majini, na maji yenye pH ya juu huizidishia sumu, kwa hiyo samaki watakufa kabla mmea haujafaidika.

Taa iwake kwa muda wa saa 6 kila siku mwezi wa kwanza, kisha saa 8, na tangi lisikae dirishani. Mwanga mwingi kwa mimea ambayo haijashika mizizi hulisha mwani tu. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa Nairobi ni baridi. Hita ya wati 50 hulitosha tangi la lita 60 kubaki kwenye nyuzi 24.

Kriptokorini ikiyeyuka majani yote wiki ya pili, usiing'oe. Mizizi i hai, na majani mapya hutoka ndani ya wiki chache. Dalili nyingine zisome kwenye majani: yale ya zamani yakigeuka manjano, nitrojeni imepungua, yakitoboka matundu madogo, mara nyingi ni potasiamu, majani machanga yakipauka huku mishipa ikibaki kijani, ongeza chuma.

Badilisha robo ya maji kila wiki. Unaponyonya uchafu kwa mpira, pitisha juu juu palipopandwa, usichokoe mizizi.

Vipande unavyokata vianike juani vikauke kabisa kabla ya kuvitupa, na visiende mtoni wala bwawani, visije vikaenea humo. Gugu maji la Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kama ua la mapambo.