Jinsi ya Kuchagua na Kutunza Vyombo vya Mezani Vilivyopakwa Fedha

Chombo cha zamani kilichopakwa fedha hakina fedha nyingi: kina utando mwembamba tu uliolazwa juu ya madini mengine, na utando huo ukilika haurudi mpaka chombo kipakwe upya. Kwa hiyo usishawishike na mng'ao, kwa sababu muuzaji yeyote anaweza kukisugua chombo kikametameta asubuhi ya mauzo. Tazama kiasi cha fedha kilichobaki.

Anza kwa kukigeuza chombo na kusoma alama za chini. Herufi EPNS huonyesha kwamba fedha imepakwa kwa umeme juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao ni mgumu na hudumu. EPBM huashiria mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba, ambao hubonyea upesi na huyeyuka kwa joto la chini, kwa hiyo buli la aina hiyo lisiwekwe juu ya moto hata kwa dakika moja. Ukikuta simba anayetembea, pamoja na alama nyingine rasmi za Uingereza, huenda umeshika fedha halisi. Vijiko vingi vya Marekani vina maandishi “1847 Rogers Bros.”, na wanunuzi wageni hudhani vilitengenezwa mwaka huo, ilhali namba hiyo ni sehemu ya jina la biashara na iliendelea kugongwa kwa miaka mingi baadaye.

Upakaji wa umeme ulienea baada ya kampuni ya Elkington ya Birmingham kupata hataza mwaka 1840. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1740, mafundi wa Sheffield waliunganisha bamba la fedha na la shaba kwa moto, kisha wakafua chombo kutokana na bamba hilo. Katika vyombo hivyo wekundu wa shaba unaochungulia kwenye kingo ni sehemu ya thamani yake, na kuvipaka upya ni kuviharibu.

Kisha kagua mahali panapolika kwanza: mgongo wa kijiko unaogusa meza, ncha za uma, kingo za sinia na vilele vya nakshi. Tikisa mikono na bawaba. Bakuli la mboga lenye kifuniko lipewe muda zaidi, kwani katika mengi mkono wa kifuniko hufunguka, na kifuniko kikigeuzwa huwa bakuli la pili. Mkono usiofunguka huenda umegandishwa na fundi asiyejua kazi yake.

Mezani, usikate nyama juu ya sinia. Ikate kwenye ubao, kisha uipange. Chumvi hutoboa fedha vidoa visivyofutika, ndiyo maana vibakuli vya chumvi vya zamani mara nyingi huwa na kioo cha buluu ndani. Mayai, haradali na siki visilale ndani ya chombo, na upawa wa mchuzi uoshwe mara wageni wanapoondoka.

Osha kwa mkono, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukaushe papo hapo kwa kitambaa cha pamba. Visu vyenye mpini wenye uwazi usiviloweke, kwa sababu gundi iliyoshika bapa hulegea. Weusi hutokana na salfa iliyomo hewani, kwenye mayai, sufu na mpira. Dawa za kusugua huondoa weusi pamoja na fedha kidogo kila mara. Kwa chombo ambacho utando wake ni mzima, tandika karatasi ya alumini ndani ya beseni la plastiki, mimina maji ya moto yenye kijiko kikubwa cha bikaboneti ya soda kwa kila lita, kisha laza chombo kiguse alumini kwa dakika chache. Salfa itahamia kwenye alumini na fedha itabaki. Harufu ya yai bovu isikutishe. Usitumie njia hii kwa nakshi zilizotiwa weusi makusudi, wala kwa mikono ya mbao au mfupa.

Hifadhi vyombo vikiwa vikavu, ndani ya vitambaa vya pamba, bila kuvifunga kwa mipira wala kuvizungushia gazeti. Vile unavyovitumia kila wiki havitahitaji hata beseni, kwani kuoshwa na kupanguswa mara kwa mara kunatosha kuuzuia weusi usishike.