Namna ya kupanga safari fupi ya kifahari katika nchi ya Wainka: kuta, matuta na meza

Msafiri mwenye fedha nyingi na siku chache hufanya kosa lilelile kila mara: hupanda ndege ya asubuhi kutoka Lima, hushuka Cusco baada ya saa moja na ushei, hufikia hoteli nzuri iliyo hatua chache kutoka uwanja mkuu wa mji, huagiza glasi mbili za pisco, pombe kali ya zabibu, pamoja na mlo mzito wa jioni, kisha hukesha akihema huku kichwa kikimgonga. Mji wa Cusco uko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo haujali bei ya chumba. Kwa sababu hiyo, anayepanga safari fupi nchini Peru aanze na miinuko kabla hajafungua orodha ya hoteli.

Mpango ninaoupendekeza ni wa kulala mara sita: mara moja Lima, mara mbili katika Bonde Takatifu la Wainka, mara moja chini ya mlima wa Machu Picchu, penye magofu maarufu ya mji wa Wainka, na mara mbili za mwisho Cusco. Lima iko pwani. Mji wa Urubamba, ulio katikati ya bonde hilo, uko mita 2,870 hivi, na Machu Picchu yenyewe iko mita 2,430. Msafiri anayetua Cusco na kuondoka papo hapo kwa gari kuteremkia bondeni hulala chini ya Cusco kwa zaidi ya mita 500, na anaporudi mjini mwishoni mwa safari mwili wake huwa umekwisha kuzoea hewa nyepesi. Usiku wa kwanza bondeni kunywa supu, kunywa maji kwa wingi, acha kileo, na ukubali chai ya majani ya koka ambayo karibu kila hoteli huitoa mapokezini. Mwenye maradhi ya moyo au ya mapafu, na mama mjamzito, amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Kuhusu majira, kiangazi ni kuanzia Mei hadi Septemba, mvua hukolea kati ya Desemba na Machi, na mimi ningechagua Mei, wakati matuta yangali na ukijani na umati wa Juni haujafika. Tarehe 24 Juni huadhimishwa Inti Raymi, sikukuu ya jua, na anayeitaka lazima awe amekodi chumba miezi mingi kabla.

Lima: siku moja, mlo mmoja wa mchana

Usiipite Lima kana kwamba ni uwanja wa ndege tu. Nenda kwanza kwenye Makumbusho ya Larco, yaliyoanzishwa mwaka 1926 na kuwekwa ndani ya jumba la karne ya 18, ukatazame vyungu vya mataifa yaliyotangulia. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba Wainka walikuwa warithi wa ustaarabu wa maelfu ya miaka, na kwamba dola yao kubwa, waliyoiita Tawantinsuyu, yaani pande nne zilizounganika, ilidumu takriban karne moja tu kabla Wahispania hawajamkamata mfalme wao Atahualpa kule Cajamarca mnamo Novemba 1532.

Ceviche, samaki mbichi anayeivishwa kwa maji ya ndimu na pilipili, huliwa mchana. Wenyeji wengi hawaitafuti usiku, na mikahawa mingi mizuri ya chakula hicho hufungwa alasiri. Kwa jioni, Lima ina migahawa miwili iliyowahi kutajwa kuwa bora kuliko yote duniani katika orodha ya migahawa 50 bora: Central mwaka 2023 na Maido mwaka 2025. Meza zake hujaa mapema mno, hivyo funga tarehe ya mgahawa kwanza, kisha upange ndege kuizunguka. Kama nafasi moja tu imebaki na huna budi kuchagua, ningeiacha Lima na kuihifadhi bajeti ya mlo mkubwa kwa ajili ya Moray, huko bondeni, kwa sababu nitakayoieleza.

Bonde Takatifu: hapa ndipo pa kutumia fedha

Fedha katika safari ya namna hii hununua vitu viwili vya maana, saa na utulivu, na vyote viwili hupatikana kwa kukodi gari la binafsi pamoja na mwongozaji wa kwako mwenye leseni, anayezungumza Kikechua, lugha ya wenyeji wa milimani. Basi la watalii hufika Pisac, Moray na Ollantaytambo kwa saa zilezile zinazofikwa na mabasi mengine yote. Gari lako laweza kufika saa moja kabla yao. Mwongozaji anayejua Kikechua atakufungulia pia milango ya jikoni ambayo hoteli haiwezi kukufungulia.

Nunua mapema ile tiketi ya jumla iitwayo boleto turístico. Tiketi kamili ya mgeni mtu mzima ni sol 130 za Peru, hutumika kwa siku kumi, na huingia katika maeneo 16, yakiwemo ngome ya Sacsayhuamán, Pisac, Chinchero, Moray na Ollantaytambo. Haihusu Machu Picchu, wala Kanisa Kuu la Cusco, wala hekalu la Qorikancha, wala mashamba ya chumvi ya Maras. Hayo yana malipo yake pembeni.

Siku ya kwanza kamili bondeni iwe ya Moray na Maras. Moray ni mashimo makubwa ya mviringo yaliyopangwa kwa matuta yanayoshuka kama ngazi, kubwa lao likiwa na kina cha mita 30 hivi. Watafiti hawajaafikiana juu ya kazi yake, lakini dhana inayosikika zaidi ni kwamba Wainka walitumia tofauti ya joto kati ya tuta la juu na la chini kujaribia mazao. Kando ya mashimo hayo uko mgahawa uitwao MIL, uliofunguliwa mwaka 2018 na mpishi Virgilio Martínez, mmiliki wa Central, ambamo chakula cha mchana huandaliwa kwa mazao ya nyanda za juu na jamii za Kikechua zinazopakana nao hushiriki katika kilimo chake. Ndiyo maana nimesema uhifadhi bajeti: Lima utasimuliwa habari za mazao hayo mezani, na hapa utayala ukiwa unayatazama matuta yalikojaribiwa. Ni mlo wa saa kadhaa, kwa hiyo usipange kupanda mlima baada yake. Shuka Maras polepole, ambako maji ya chemchemi yenye chumvi huelekezwa kwenye maelfu ya vidimbwi vidogo vya familia za kijijini na kuachwa yakaukie juani. Uvunaji huo ulianza kabla ya Wainka. Wageni hawaruhusiwi tena kukanyaga kingo za vidimbwi, na ni haki, kwa maana viatu vyetu vilikuwa vikiingia katika chakula cha watu.

Siku ya pili ni ya Ollantaytambo. Kila mtu hukimbilia ngome na ile mihimili sita mikubwa ya mawe katika Hekalu la Jua, iliyochimbwa ng'ambo ya mto na kupandishwa mlimani, na hukumbushwa kwamba hapa mfalme Manco Inca aliwashinda askari wa Kihispania wa Hernando Pizarro katika vita vya uasi ulioanza mwaka 1536. Hayo yote ni ya kuonwa. Lakini geuka pia utazame mlima wa pili, Pinkuylluna, ambako kwenye mteremko mkali yamesimama maghala ya Wainka yaitwayo qollqa. Yalijengwa juu kwa makusudi ili upepo na baridi vihifadhi chakula: mahindi, nyama iliyokaushwa iitwayo charki, na chuño. Dola hiyo haikuwa na sarafu wala soko la namna tunayoijua. Watu walilipa kodi kwa jasho lao, na serikali iliwalisha wafanyakazi na askari kutoka katika maghala kama haya. Ukilielewa ghala, umeuelewa ukuta.

Omba basi uonyeshwe chuño. Ni viazi vidogo vinavyoachwa nje usiku wa barafu wa Juni na Julai, vikakanyagwa kwa miguu mchana ili maji yatoke, vikaanikwa juani, na mzunguko huo ukarudiwa siku kadhaa mpaka viwe vyepesi na vikavu kama kokoto. Huweza kukaa miaka bila kuoza. Ladha yake, lazima nikiri, ina udongo kidogo, na anayevila mara ya kwanza hujiuliza ilikuwaje dola ikajengwa juu yake. Bakuli la pili la supu humjibu.

Mlo wa lazima bondeni ni pachamanca, jina linalotokana na maneno ya Kikechua yenye maana ya ardhi na chungu. Mawe huchomwa hadi yaive kwa moto, nyama iliyokolezwa kwa mitishamba ya huacatay hupangwa juu yake pamoja na viazi vya rangi nyingi na mahindi ya Urubamba yenye punje kubwa ajabu, kisha vyote hufunikwa kwa majani na udongo. Hoteli nyingi za kifahari huiandaa bustanini kwa oda ya siku moja kabla, nawe omba kuwepo wakati wa kuzika na wakati wa kufukua, kwani nusu ya raha iko hapo. Ukiona nyama ya nguruwe au maharage mapana shimoni, ujue hayo yaliletwa na Wahispania.

Ukiwa barabarani utaona kijiti kirefu chenye mfuko mwekundu wa plastiki juu ya mlango. Hapo huuzwa chicha de jora, pombe ya mahindi yaliyooteshwa, ambayo wafalme wa Inka waliigawa katika sherehe na kwa vibarua wa serikali. Haigharimu chochote cha maana, na hakuna hoteli ya nyota tano itakayokupa kitu kilicho karibu zaidi na meza ya mfalme Pachacuti wa Wainka. Mwaga tone chini kwanza kwa ajili ya Pachamama, mama ardhi, kama wafanyavyo wenyeji.

Machu Picchu: panda jioni, ingia asubuhi

Hakuna barabara ya gari itokayo Ollantaytambo hadi Machu Picchu. Treni hufika mji mdogo wa Aguas Calientes baada ya saa moja na nusu au zaidi kidogo, na kutoka hapo basi hupanda kona za mlima kwa dakika 25 hivi. Mzigo mkubwa hauruhusiwi treni, kwa hiyo sanduku litangulie Cusco na gari lako.

Treni ya kifahari iitwayo Hiram Bingham huwafikisha abiria wake mahali hapo mchana, wakati umati umekwisha kujaa, na hili hawalisemi kwenye picha za matangazo. Ushauri wangu ni kupanda treni ya kawaida yenye madirisha makubwa alasiri, kulala huko, kuingia asubuhi, kisha kurudi na Hiram Bingham, ambayo jioni huwa na mlo kamili na muziki. Malazi yaliyo karibu zaidi ni Sanctuary Lodge, hoteli pekee iliyo kando ya lango. Ikiwa imejaa, au bei yake imekutisha, hoteli ya Inkaterra iliyo chini kwenye msitu wa mawingu haina cha kuionea wivu isipokuwa safari ya basi.

Tiketi ya kuingia huuzwa kwa tarehe, saa na njia maalumu. Tangu mwaka 2024 njia kuu ni tatu: ya kwanza hupita juu kwa ajili ya mandhari, ya pili huunganisha mandhari na mji wenyewe, ya tatu hupita sehemu za chini. Anayefika mara moja maishani achukue ya pili, na ainunue miezi kabla, maana huisha kwanza. Jina kwenye tiketi lilingane na pasipoti, na pasipoti uibebe. Hakuna choo ndani ya lango.

Mji huu ulijengwa katika karne ya 15 na unahusishwa na mfalme Pachacuti. Hiram Bingham, mtafiti Mmarekani ambaye treni ile inaitwa kwa jina lake, alifika mwaka 1911, akiongozwa na mkulima aitwaye Melchor Arteaga, akakuta familia zikilima matuta. Neno "kugundua" basi lichukuliwe kwa tahadhari. Vitu alivyovichukua kwenda Chuo Kikuu cha Yale vilirejeshwa Peru kuanzia mwaka 2011, na vingi vyaweza kuonwa katika makumbusho ya Casa Concha, Cusco.

Cusco, ukiwa umezoea

Sasa hoteli ya kifahari mjini ina maana. Hotel Monasterio iko ndani ya seminari ya karne ya 16, na hutoa hewa ya oksijeni vyumbani kwa anayeihitaji. Asubuhi tembea Qorikancha, hekalu la jua ambalo juu yake Wahispania walijenga nyumba ya watawa wa Santo Domingo; tetemeko la mwaka 1950 liliibomoa sehemu ya majengo yao na kuzianika kuta za Wainka zikiwa zimesimama, bila chokaa, zikiegemea ndani kidogo. Kisha panda Sacsayhuamán, ambako baadhi ya mawe yana uzito unaozidi tani 100.

Ndani ya Kanisa Kuu, tafuta mchoro wa Karamu ya Mwisho uliochorwa na Marcos Zapata katikati ya karne ya 18, ambamo mezani mbele ya Yesu yuko mnyama anayedhaniwa na wengi kuwa cuy, yaani simbilisi. Ukitaka kumla jioni hiyo, agiza kabla ya wakati, kwa kuwa huchomwa mzima na huchukua muda, na ujiandae kuletewa na kichwa chake. Huliwa kwa mikono, hata kwenye vitambaa vyeupe.

Wakati wa kulipa hoteli, onyesha pasipoti na kumbukumbu ya uhamiaji ya kuingia nchini, kwa kuwa mgeni asiye mkazi husamehewa kodi ya mauzo ya 18% kwenye malazi, na kwa vyumba vya bei hiyo si kiasi kidogo. Majani ya koka yaliyobaki mfukoni yaache mapokezini, kwani katika nchi nyingi ni kosa la jinai kuyaingiza. Nafasi yake ijaze chumvi ya Maras.