SOMO: Pasiwedi ya waifai unabadilisha na bado inavuja? Anza na kompyuta yako

Habari wakuu, wengi tukiona kifaa tusichokijua kwenye waifai ya nyumbani tunawaza mahaka, kumbe mara nyingi ni mtu alikalia laptopu yako dakika moja tu ulipoenda kutafuta chaja. Mimi nimebadilisha pasiwedi mara tatu na mgeni anarudi, mpaka nikamkuta mdogo wangu anaisoma kwenye mashine yangu mwenyewe, tena ametulia kabisa.

Jaribu uone. Kwenye Windows fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandikia amri), andika hivi, penye JINA weka jina la waifai yako:

netsh wlan show profile name="JINA" key=clear

Angalia mstari wa Key Content. Hiyo hapo, herufi kwa herufi, hata ungeweka zote 63 ambazo ndio mwisho wa WPA2 (aina ya ulinzi wa waifai), maana mashine inaitunza ili iunganishe yenyewe na ikiombwa inatoa.

Kwa hiyo:

1. Kila ukiinuka bonyeza Windows + L ili skrini ijifunge. Hii ndiyo kubwa, bila hii zinazofuata ni kujichosha tu.

2. Ingia kwenye ruta (andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye brauza, inategemea), badilisha pasiwedi ya admini, yaani ya kuingilia ruta yenyewe, kwanza na isifanane na ya waifai, halafu chagua WPA2 au WPA3.

3. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika pasiwedi. PIN yake ina tarakimu 8 ila inakaguliwa nusu nusu, kwa hiyo anayebahatisha ana majaribio kama 11,000 tu, na hili linajulikana tangu 2011.

4. Wageni wape mtandao wa wageni, ruta nyingi zinao.

5. Ruta isikae pembeni ya kochi la wageni. Stika ya chini ina pasiwedi ya kiwandani na mtu akishikilia kile kitufe cha riseti, inarudi hiyo hiyo.

MASWALI

– Mkuu, mi laptopu ina pasiwedi ya kuwashia, si inatosha?
Kwa mpita njia inatosha. Ila mwenye muda anaiwasha kwa flashi yenye Linux anafungua mafaili yako bila kuulizwa chochote, labda uwe umesimba diski (isisomeke bila ufunguo) kwa BitLocker au kitu kama hicho.

– Na nikificha jina la waifai?
Haisaidii, simu zako zenyewe zinaliita hilo jina hewani.

– Nilimpa mtu mmoja tu sasa hivi wako watano, imekuwaje?
Android 10 kwenda juu inashea waifai kwa QR, anaweka PIN ya simu yake mwenyewe mwenzake anaskani, basi. Ndio maana ya namba 4.

– Pasiwedi ya admini ya ruta nimeisahau kaka, nifanyeje?
Riseti tu, ila kabla hujabonyeza hakikisha unazo jina na pasiwedi ulizopewa na kampuni ya intaneti, zikifutika utabaki na waifai inayowaka bila intaneti.