Gari ya zamani inazima ukipunguza mwendo? Tafuta hivi kabla hujanunua kifaa

Mbukwenyi ndugu zangu. Hii ni kwa wenye gari za miaka ya 90 na 2000 mwanzoni, tupo wengi sana hapa Dodoma. Gari inakwenda vizuri kabisa, unatoka Kibaigwa mpaka Buigiri hujaona shida yoyote, ila ukifika kwenye matuta ukiachia mafuta na kushika breki mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unashuka, unashuka, afu taa zote za dashibodi zinawaka na gari kimya. Unapiga stata inawaka palepale kama vile haikuwa yenyewe.

Kwanza usalama, maana hili sio jambo la kuchukulia poa. Injini ikizima gari ikiwa kwenye mwendo usukani unakuwa mzito na breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja mbili tu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kwa hiyo ikizima usianze kukanyaga kanyaga, kanyaga mara moja ushikilie, shika usukani kwa nguvu, toka pembeni, washa hazadi. Na kama inazima kila siku usiende nayo safari mpaka ujue tatizo.

Sasa kosa ambalo nimeliona mara nyingi, na mimi mwenyewe nilifanyiwa kwenye gari yangu ya cc 1500. Unampelekea fundi, anafungua boneti, anachukua bisibisi anaongeza sailensi, yani ule mlio wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, kutoka 700 mpaka 1100, gari haizimi tena, unalipa unaondoka. Ila hajatengeneza kitu. Ukitoa P kuweka D gari inaruka kwa kishindo, mafuta yanaliwa, na baada ya miezi miwili inaanza kuzima tena maana tatizo lilikuwa linaendelea kukua humo humo ndani. Injini nyingi za petroli za umri huo ikishapata moto inatakiwa isimame kati ya 650 na 850, ukiwasha AC inapanda kidogo. Kama ipo chini ya hapo kuna sababu, na hiyo sababu ndo ya kutafuta.

Kabla hujashika spana jiulize inazima WAKATI GANI. Chukua siku tatu uangalie, andika hata kwenye simu. Inazima asubuhi ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Ukiwasha AC au hata bila AC? Ukishika breki, au hata ukiachia mafuta tu bila breki? Ukikata kona? Ikiwa kwenye D tu au hata N? Haya majibu yana thamani kuliko mashine ya kupimia gari, na ukimpelekea fundi mzuri hayo maelezo atakuheshimu na atapunguza kubahatisha.

Ukiachia mafuta kile kisahani cha kwenye throto, yani mlango wa hewa ya injini, kinafunga karibu chote. Injini inabaki inapumua kwa kinjia kidogo cha pembeni ambacho kinaongozwa na valvu ya sailensi. Sasa huku kwetu kuanzia mwezi wa 5 mpaka mvua zianze ni vumbi tupu, njia za Nala, Ihumwa huko, na hewa klina tunapuliza kwa upepo badala ya kubadilisha. Vumbi laini likikutana na mvuke wa oili unaorudishwa na injini linakuwa masizi meusi yanayonata, yanaziba kale kanjia. Ukiwa unakanyaga mafuta huwezi kujua maana kisahani kimefunguka, ukiachia tu injini inakosa pumzi. Ndo maana mi naanza hapo kila mara.

Zima gari iache ipoe. Legeza klampu, toa lile bomba la hewa linalotoka kwenye hewa klina, chungulia. Ukikuta weusi kuzunguka kisahani chukua dawa ya kusafishia throto, mswaki wa zamani na kitambaa, safisha pembeni zote na kale katundu ka hewa ya sailensi. Usimwagie dawa kwenye soketi za umeme, na kama throto yako ni ya umeme haina waya wa kuvuta usisukume kisahani kwa kidole wakati swichi ipo on. Valvu ya sailensi kama inafunguka kwa skrubu ifungue usafishe pia, ila gasketi yake itunze. Ukirudisha, gari inaweza kusumbua sailensi kwa muda, iache iungurume dakika 10 hivi bila AC, afu 10 nyingine na AC, kompyuta ya injini ijipange upya.

Kujua kama valvu yenyewe inafanya kazi ni rahisi. Injini ikiwa ya moto washa taa kubwa, washa AC, zungusha usukani. Mshale unatakiwa ushuke kidogo urudi wenyewe. Ukishuka na kubaki hukohuko, au gari ikazima, valvu haifungui au njia bado imeziba.

Kama throto ni safi, nenda kwenye hozi. Jua letu linakausha raba mpaka zinapasuka kama udongo wa Bahi kiangazi. Pitia kila hozi ya vakyumu, yani vile vibomba vya raba vinavyovutwa hewa na injini, ikunje kwa vidole, angalia hasa zile zilizojificha nyuma ya injini. Lile bomba lenye makunyanzi nalo likunjue, ufa unakaa kwenye mkunjo, injini ikicheza ukishika breki unafunguka. Gari yenye sensa ya kupima hewa karibu na hewa klina, hewa ikiingilia kwenye ufa haihesabiwi, mafuta yanakuwa machache inazima. Zile zenye sensa ya mgandamizo yenye kihozi chembamba, kihozi kikipasuka kompyuta inadhani umekanyaga mafuta, inamwaga petroli, eksozi inanuka na kutoa moshi mweusi. Yangu ilikuwa hiyo. Kihozi chenye urefu wa kiganja, na nilikuwa nimeshabadilishiwa plagi na pampu!

Tafadhali usipulizie petroli wala dawa inayoshika moto kwenye injini ya moto kutafuta uvujaji, gari za watu zimeungua hivyo. Chupa ya kupulizia yenye maji inatosha, pulizia kidogo kwenye maungio, mbali na waya za plagi na koili, mlio ukibadilika umepapata.

Kama inazima ukikanyaga breki tu, shuku busta, kile kidude kinachoongezea breki nguvu. Zima gari, kanyaga breki mara tano mpaka iwe ngumu, shikilia, washa. Pedali inatakiwa izame kidogo. Isipozama, au ukisikia sauti ya ssss miguuni, busta au hozi yake inavuja.

Otomatiki ambayo ukitoka kwenye mwendo mrefu inatetemeka na kuzima ukitaka kusimama, mithili ya manyuo ambayo hujakanyaga klachi, lakini ukiwa umesimama unatoa P kwenda D haina shida, hapo mwangalie fundi wa gea boksi, kuna valvu ya umeme inayofunga gea boksi na injini kwenye spidi na inagoma kuachia. Asubuhi tu, angalia sensa ya joto la maji, na hakikisha rejeta imejaa. Ikiwa ya moto tu, angalia koili za plagi na sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini.

Pampu ya mafuta iache mwisho. Pampu iliyochoka mara nyingi inakuonyesha kwenye mlima na ukikanyaga sana, sio kwenye matuta.

Toyota nyingi za zamani hazihitaji hata mashine. Kwenye kiboksi cha daignosisi (cha kupimia matatizo) unganisha tundu za TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi on bila kuwasha injini, hesabu taa ya chek enjini inavyokonyeza. 22 ni joto la maji, 31 sensa ya hewa au mgandamizo, 41 sensa ya throto. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika hakuna kodi, yani namba ya tatizo. Ila hozi iliyopasuka inaweza isiandike kodi yoyote, kwa hiyo macho na vidole bado vinahitajika.

Ukishapata tatizo, ile skrubu iliyozungushwa na fundi irudishwe, injini ikiwa ya moto, AC imezimwa, mpaka mshale usimame kwenye namba iliyoandikwa kwenye stika chini ya boneti.