SOMO: Konsoli yako inagoma kushika wifi au inakatakata? Acha DNS kwanza, anza hapa

Wakuu habari zenu. Nimeona niandike hili somo mara moja ili nisiwe narudia, maana kila siku ni "PS4 yangu haishiki neti nifanyaje", halafu kabla hujajibu kuna jamaa kashamwambia abadilishe DNS (ile inayogeuza jina la tovuti au sava kuwa anwani yake). DNS imekuwa dawa ya kila ugonjwa, mtu hajui hata anaumwa wapi ila kashaimeza.

Kitu cha kuelewa kabla hujagusa chochote, intaneti ya konsoli inapita vipande vitatu. Kuna konsoli mpaka kwenye ruta (hiyo ndio wifi yenyewe), kuna ruta mpaka nje kwenye intaneti, halafu kuna huko nje mpaka kwenye sava za gemu. Mara nyingi kimekufa kipande kimoja tu, na watu wengi wanaolalamika wifi mbovu wala tatizo lao sio wifi.

HATUA YA 1: Fanya jaribio la mtandao, na ULISOME
Konsoli zote za sasa zina sehemu ya kujaribu mtandao, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya network, utaiona. Kwenye PlayStation inakuletea mistari mmoja mmoja, kupata IP (anwani ya konsoli kwenye mtandao), kisha intaneti, kisha kuingia PSN (huduma ya onlaini ya PlayStation), kisha aina ya NAT (jinsi ruta inavyogawa IP moja kwa vifaa vingi) na spidi. Watu wanaangalia spidi tu pale chini, wakati utamu uko juu. IP ikifeli, shida iko kati ya konsoli na ruta. IP imepatikana ila intaneti imefeli, angalia ruta na laini yako, hapo hata simu ikiwa kwenye wifi hiyo hiyo huwa inasumbua. Intaneti imefaulu ila kuingia PSN kumefeli, basi shida iko kwa wenye PSN au kwenye akaunti yako, kacheze gemu za ofulaini usubiri. Msidhani haitokei, mwaka 2011 PSN ilizimwa kwa siku 23 baada ya kudukuliwa, fikiria ni watu wangapi siku ya kwanza waliresetisha ruta zao bure.

HATUA YA 2: Zima, ila zima KWELI
Kuiweka konsoli usingizini sio kuizima. Xbox bonyeza kitufe cha pawa cha kwenye mashine yenyewe ukishikilie sekunde 10, PlayStation chagua kuzima kabisa kwenye menyu, Switch shikilia kitufe cha pawa mpaka menyu ije uzime. Ruta nayo chomoa umeme, hesabu sekunde 30. Washa ruta kwanza, ngoja taa zitulie, ndio uwashe konsoli. Wengi mtaishia hapa.

HATUA YA 3: Jina la wifi halionekani kabisa kwenye listi
Hapa ni suala la bendi, yaani masafa ya wifi. Wifi za nyumbani nyingi zinarusha 2.4GHz na 5GHz, na sio kila konsoli inaziona zote mbili. PS3 na ile PS4 ya kwanza ya 2013 zinaona 2.4 peke yake, 5GHz kwao ni kipofu na jua. PS4 Slim na Pro za 2016 zinaona zote, PS5 pia, Xbox One, Series na Switch nazo ziko sawa. Xbox 360 ya mwanzo kabisa haina hata wifi ndani, inataka kifaa cha kuchomeka. Kwa hiyo kama una PS4 ya zamani ingia kwenye ruta uhakikishe 2.4 imewashwa, na ukiweza zipe bendi majina mawili tofauti ujue unashika ipi.
Kuna lingine dogo linalosumbua, ruta ikijiweka chaneli (kipande cha bendi) 12 au 13 kwenye 2.4 kuna konsoli hazitaiona, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani. Kwenye 5GHz baki 36 mpaka 48, chaneli za katikati zinagawana na rada na ruta inalazimika kuhama ikihisi rada ipo, we uko katikati ya mechi unashangaa umetupwa nje.

HATUA YA 4: Jina linaonekana ila linakataa
Kwanza pasiwedi, herufi kubwa na ndogo, usicheke, wengi ndio hapo. Kwenye PS4 ukiona NW-31297-2 ndio inakwambia hivyo. Kama una uhakika na pasiwedi angalia aina ya ulinzi kwenye ruta, ruta mpya zinakuja na WPA3 na konsoli za zamani hazijui hicho kitu, weka WPA2 au ile ya mchanganyiko WPA2/WPA3. Pia kama kuna mtu nyumbani aliwahi kuweka orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, konsoli mpya haimo humo.

HATUA YA 5: Inashika ila inakatika, inalagi, inakera
Hii ndio yenye mambo. Konsoli wengi tunaifungia kwenye kabati la tv, nyuma kuna ukuta, mbele kuna tv ambayo ni bati kubwa, halafu tunataka signo ipite. Itoe nje, hata kuisogeza kidogo tu pembeni kunabadilisha. Ruta nayo iinue juu, isikae sakafuni nyuma ya kochi.
2.4GHz ni barabara yenye foleni, humo kuna Bluetooth za padi na hedifoni, kuna oveni ya maikrowevu, kuna wifi za majirani. Chagua chaneli 1, 6 au 11 maana hizo hazipandani, angalia kwa apu ya simu ipi ina watu wachache. Kama konsoli yako inaona 5GHz na ruta haiko mbali hamia huko, ila ujue 5GHz ukuta unaichosha haraka.
Sasa hii ndio ilinitesa mimi wiki nzima. Nilikuwa na diski ya nje ya USB 3.0 nimeiweka juu ya PS4, wifi inakufa kila nikianza kudaunilodi gemu, nikabadilisha DNS, nikabadilisha chaneli, nikamlaumu jirani. Kumbe USB 3.0 yenyewe inatoa kelele kwenye masafa ya 2.4GHz, hasa waya ukiwa wa bei rahisi usio na kinga. Nikaweka diski mbali kwa waya mzuri, kimya mpaka leo.
Na kama waya wa LAN unafika, vuta waya. Najua somo ni la wifi lakini ndio ukweli.

HATUA YA 6: Sasa ndio DNS
IP imepatikana, simu iko poa kwenye wifi hiyo hiyo, ila konsoli inasema DNS haipatikani au kurasa zinagoma kufunguka. Hapo sawa, weka 8.8.8.8 na 8.8.4.4, au 1.1.1.1 na 1.0.0.1. IP acha otomatiki, MTU acha otomatiki, proksi usitumie. DNS inatafuta anwani ya sava tu, haiongezi nguvu ya signo wala haipunguzi pingi (muda wa data kwenda na kurudi) ndani ya mechi.

Haya, maswali.

SWALI: Mkuu hotspoti ya simu yangu laptop inaiona, tv inaiona, PS4 ile nene ya kwanza haioni kabisa. Mbovu?
JIBU: Sio mbovu, rudi hatua ya 3. Simu inarusha 5GHz. Android ingia mipangilio ya hotspoti ubadilishe bendi iwe 2.4. Kama ni iPhone 12 kuendelea kuna swichi inaitwa Maximize Compatibility, iwashe.

SWALI: Simu inapiga 40 Mbps hapo hapo mbele ya tv, PS4 inasoma 8. Kuna mtu ananiibia?
JIBU: Hakuna mwizi. Simu iko 5GHz, PS4 iko 2.4 na antena yake ndogo, na kipimo cha PS4 chenyewe usikiamini sana. Kudaunilodi ndio kutachelewa, ila kucheza hakutaki spidi kubwa, hata 3 Mbps iliyotulia inatosha. Angalia pingi na kama paketi (vipande vya data) zinapotea.

SWALI: Naingia onlaini freshi ila kwenye pati siwasikii wenzangu wawili, wengine nawasikia. NAT inasema Type 3 (ile iliyobana zaidi). Nina ruta mbili, ya laini na nyingine niliyonunua.
JIBU: Umejibu mwenyewe kaka, ruta mbili ni NAT juu ya NAT. Ile ya pili iweke hali ya akses pointi tu, kazi ya ruta ifanye moja. Kisha washa UPnP (inaiachia konsoli ijifungulie poti, yaani mlango wa data) kwenye hiyo inayobaki, uzime na kuwasha konsoli, itaenda Type 2. Mwenye Xbox yake inaandika Strict, poti ya kuangalia ni 3074 UDP.

SWALI: Na kama natumia laini ya simu tu na bado ni Type 3?
JIBU: Hapo mtoa huduma anakuwa kakuweka na wateja wengi nyuma ya IP moja, kwenye ruta yako hakuna utakachofungua. Muulize kama anatoa IP ya umma.

SWALI: Nimefufua Wii ya zamani, wifi imeshika vizuri tu ila gemu zinakataa kwenda onlaini.
JIBU: Pole dada, huduma ya onlaini ya Wii ilifungwa Mei 2014. Ruta yako haina kosa.

SWALI: PS3 ilikaa kabatini miaka, sasa wifi inashika ila kuingia akaunti inagoma, nimeresetisha ruta mara nne.
JIBU: Angalia tarehe na saa. Betri ya ndani ikifa saa inarudi zamani na vyeti vya usalama vinakataliwa. Weka tarehe sahihi, kisha apdeti mfumo.

SWALI: Somo zuri ila mbona mimi nilibadilisha DNS na ikapona? Unaibeza bure.
JIBU: Ulipobadilisha, konsoli ilikata wifi ikaunga upya na kuomba IP upya, sivyo? Rudisha DNS otomatiki ucheze siku mbili uone. Ikirudi kuugua basi DNS ya mtoa huduma wako ni mbovu kweli na uko sahihi.

SWALI: (yule wa hotspoti) Mkuu imeonekana! Ila sasa inaniambia pasiwedi sio sahihi.
JIBU: Hatua ya 4. Herufi kubwa na ndogo.

SWALI: Imeshika, ilikuwa O nikaandika sifuri 😂