Karakana ya chuma nyumbani Tanga: umeme na kutu kwanza, zana baadaye

Anayetaka karakana ya chuma uani kwake, iwe Makorora, Mikanjuni au Sahare, mara nyingi huanza kwa kuulizia bei ya mashine ya kuchomelea. Hapo ndipo pesa inapoanza kupotea. Hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na nyaya za nyumba nyingi zilifungwa kwa ajili ya taa, friji na pasi. Mashine ghali ndani ya banda linalovuja, kwenye soketi ya kawaida, itakusumbua kuliko mashine ya wastani iliyofungiwa umeme wake vizuri. Fuata mpangilio huu: banda, umeme, meza, halafu zana nyingine kidogo kidogo.

Banda

Mita 3 kwa 4.2 zinatosha kutengeneza mageti madogo, madirisha, viti na meza. Tatizo ni kwamba skwea paipu, engo na flati ba huuzwa kwa urefu wa mita 6 hivi, na humo haziingii. Usijenge banda kubwa kwa sababu hiyo tu. Acha tundu la sm 20 kwa 20 kwenye ukuta mfupi unaotazamana na mlango, usawa wa meza, ulifunge kwa kimlango cha bati. Chuma kirefu kinapita humo, unakata ukiwa ndani, na mkia unabaki nje.

Sakafu iwe zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), unene sm 10. Kwa eneo hilo ni mita za ujazo 1.26, yaani mifuko 8 ya saruji ya kilo 50. Iinue sm 15 juu ya usawa wa ua, kwa maana masika ya Machi hadi Mei hayana simile na ua usio na mtaro, kisha ipe mteremko wa sm 4 kuelekea mlangoni. Tahadhari moja: usichomelee chuma kilicholala moja kwa moja juu ya zege. Unyevu uliomo ndani hugeuka mvuke, zege linapasuka na kurusha vipande usoni.

Kuta za bloku za inchi 6, na juu, chini ya bati, acha uwazi wa sm 30 pande mbili zinazotazamana, uzibe kwa wavu. Upepo wa kusi na wa kaskazi wote wapite humo na kuondoa moshi. Paa la makuti halifai kabisa, na ua wa makuti ulio karibu uukinge kwa bati, kwa sababu cheche za grinda huweza kuruka mita 10 zikiwa bado na moto. Mlangoni ning'iniza turubai nzito lisilopitisha mwanga, lifike mita 1.8. Watoto wa mtaani hawaachi kuchungulia mwako, na macho yao ndiyo yataumia. Weka ndoo mbili za mchanga na kizima moto cha unga cha kilo 6 karibu na mlango, si nyuma ya meza. Tina ya kuchanganyia rangi, petroli na rangi vikae nje ya banda.

Mtungi wa gesi ya kukatia usiuweke nyumbani, na zaidi ya hapo yale madumu ya kabaidi yanayotengenezwa mtaani. Asetilini, gesi inayotoka kwenye kabaidi, ikizidi mgandamizo wa bar 1.5 inaweza kulipuka yenyewe bila cheche yoyote. Grinda inakata karibu kila kitu utakachohitaji.

Umeme

Mashine ya inveta (mashine ndogo ya kuchomelea ya kielektroniki) inayochoma kwa ampia 120 kwenye fito, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka na kuunda mshono, huvuta ukutani takribani ampia 16 hadi 23, kutegemea ubora wake. Plagi ya nyumbani imetengenezwa kwa ampia 13. Ndiyo maana plagi nyingi za mafundi zimeungua upande mmoja: hazikuwa mbovu, zilibebeshwa mzigo usio wao.

Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, akuvutie laini ya peke yake kutoka meni swichi: waya wa shaba wa mm 6 za mraba, breka ya ampia 32 ya aina C, na soketi ya viwandani ya bluu ya ampia 32. Breka ya aina B huanguka mara unapowasha mashine, ukadhani mashine ina shoti. Soketi za grinda na drili ziwe kwenye laini nyingine, yenye breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Nguzo ya ethi ya shaba ya mita 1.2 ichimbiwe, na fundi aipime kwa kifaa badala ya kusema tu kwamba ipo. Udongo wa kichanga ukikauka hupitisha umeme kwa shida, na ethi iliyofaa mwezi wa Mei inaweza isifae Februari.

Ekstensheni ikilazimu, iwe ya mm 2.5 za mraba, isizidi mita 10, na ikunjuliwe yote. Iliyobaki kwenye roli huchemka hadi plastiki ikayeyuka.

Mashine za koili zinazosukwa mtaani ni imara, lakini kwa nyumba yenye fezi moja hazifai. Zinavuta umeme mwingi mno, taa za jirani zinafifia, na usiku umeme ukishuka fito inagandia kwenye chuma. Inveta ya ampia 160 ya kweli inatosha. Usivutwe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Tazama kibati cha nyuma kinachoonyesha ampia na asilimia ya muda wa kazi. Ikiandikwa 160 A kwa asilimia 60, maana yake ni dakika 6 za kuchoma katika kila dakika 10.

Meza, kazi yako ya kwanza

Meza ndiyo inayoamua kama geti lako litakuwa na pembe kamili au litapinda. Nunua skwea paipu mbili za mm 50 kwa 50, unene mm 3, na pleti ya mm 6 yenye ukubwa wa mm 1200 kwa 700. Pleti hiyo ina uzito wa kilo 40 hivi, basi tafuta mtu wa kukusaidia kubeba.

Paipu ya kwanza toa vipande vinne vya mm 1000 na miguu miwili ya mm 850. Ya pili toa miguu miwili iliyobaki na vipande vitano vya mm 500. Kinachosalia ni zaidi ya mita moja na nusu, kihifadhi kwa ajili ya rafu.

Unga kwanza fremu mbili za mwisho: miguu miwili, kipande cha mm 500 juu kikiwa sawa na vichwa vya miguu, na kingine kikiwa mm 150 kutoka chini. Shikiza kwa nukta ndogo za mchomo tu, bila kumaliza mshono. Kisha unganisha fremu hizo kwa vipande vya mm 1000, viwili juu na viwili chini. Sasa pima ulalo wa sehemu ya juu, kutoka kona ya nje hadi kona ya nje ya mshazari: pande zote mbili zisome mm 1253. Tofauti ikizidi mm 2, gonga kona yenye ulalo mrefu kwa nyundo, upime tena. Ukichomelea kabla ya kupima, hakuna nyundo itakayokuokoa. Kipande cha tano cha mm 500 kinakaa katikati, chini ya pleti.

Unapomalizia mishono, ruka kona: choma moja, nenda ya kuikabili, rudi ya tatu. Chuma kikipoa hujivuta upande wa mshono, na ukichoma kona zote za upande mmoja kwa mfululizo, meza nzima itavutika huko. Pleti nayo usiizungushie mshono mzima. Shika kwa chini, mshono wa mm 25 kila baada ya mm 200, la sivyo itabonyea katikati kama karai. Iache itokeze mm 50 kila upande ili klampu zipate pa kushika. Ziba ncha za chini za miguu kwa vipande vya pleti, toboa katikati, chomelea nati za M16 (za bolti ya mm 16), uingize bolti za kusawazisha. Kumbuka sakafu ina mteremko.

Jiliwa (kifaa cha kubania chuma) la inchi 5 au 6 lifungwe kwa bolti juu ya mguu mmojawapo, taya la nyuma likitokeza kidogo nje ya ukingo wa meza, ili chuma kirefu kiweze kusimama wima ndani yake. Ukinunua la mtumba, zungusha skrubu na uangalie kama lina mchezo, halafu chunguza mwili wake. Lenye alama ya kuchomelewa liache: ni chuma cha kalibu na litapasuka palepale.

Zana na kinga

Kwa mwanzo: grinda ya mm 115, drili, jiliwa, klampu nne, guni, futi, hakso, tupa bapa na ya nusu duara, nyundo ya kutoa gamba na brashi ya waya. Kompresa na mashine kubwa ya kukatia zisubiri.

Grinda inastahili kuogopwa. Inazunguka mara 11,000 kwa dakika, na diski ya mm 115 imeruhusiwa hadi 13,300. Diski ya mm 230 mwisho wake ni 6,650. Kuna wanaotoa kinga ili diski kubwa iingie kwenye grinda ndogo. Ukingo wake unafika kasi ya mita 132 kwa sekunde wakati imetengenezwa kwa 80, na inapopasuka vipande vinaingia mwilini. Tazama pia ile pete ya chuma ya katikati: ina mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi. Diski iliyolowa au kuanguka sakafuni itupe.

Kioo cha kuchomelea kiwe namba 10 au 11. Miwani ya jua haitoshi kukukinga. Macho yaliyopigwa na mwako huanza kuuma saa kadhaa baadaye, usiku, kana kwamba yamejaa mchanga. Vaa nguo za pamba, glovu za ngozi, na suruali ishuke juu ya buti. Kwenye drili vua glovu, maana ikinaswa na keekee (ncha ya kutobolea) vidole vinafuata. Keekee ya mm 10 inataka mizunguko kama 800 kwa dakika na tone la mafuta; ikienda kasi inaungua ncha na haikati tena.

Bomba la mabati lisage hadi zinki itoke, sm 3 kila upande wa kiungo, kabla ya kuchomelea. Moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka usiku. Maziwa wanayokunywa mafundi wengi huenda tumboni; mapafu hayayapati.

Unyevu na kutu

Fito zilizoingia unyevu hurukaruka, hutoa moshi mwingi na kuacha mshono wenye vitundu. Chukua friji bovu ambalo mpira wa mlango bado unabana, weka ndani balbu ya wati 60 ya waya unaowaka, si LED, na upange fito kwenye rafu za juu. Balbu ikae mbali na plastiki na karatasi. Fito za aina ya 6013 zilizokwisha kulowa zikaushe saa moja kwa nyuzi joto 100 hivi. Za aina ya 7018 zinahitaji zaidi ya 300, kwa hiyo nyumbani usizinunue.

Chuma kikae juu ya vigingi, sm 30 kutoka sakafuni. Jiliwa na uso wa meza vipanguse kwa oili kila jioni. Inveta iweke mita 2 kutoka unaposagia, kwa sababu feni yake hunyonya unga wa chuma na ukichanganyika na chumvi unaunguza saketi. Kila mwezi ichomoe, subiri dakika 5, uipulizie hewa kavu. Kazi iliyopigwa brashi asubuhi ipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, na ncha za skwea paipu zizibwe zote, maana kutu ya ndani huioni hadi geti lianguke.

Kupima mshono

Kabla hujapokea kazi ya mtu, kata flati ba mbili za mm 5, urefu sm 10. Simamisha moja juu ya nyingine, choma upande mmoja kwa fito ya mm 2.5, ampia 80 hadi 90, iache ipoe. Ibane kwenye jiliwa, piga kwa nyundo kutoka upande usio na mshono hadi ilalie mshono. Ikipinda bila kukatika, vizuri. Ikikatika na ukaona ukingo wa flati ba bado umenyooka bila kuyeyuka, ampia zilikuwa ndogo au mkono ulikimbia. Vitundu ni unyevu, rangi au mafuta. Mfereji uliolika pembeni mwa mshono ni ampia nyingi mno, au ncha ya fito iliyokaa mbali na chuma. Rekebisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio, ujue ni kipi kilichobadilisha mshono.